Kabati la vyombo la Kibokoni: shajara ya ukarabati

Jumamosi, mwanzo wa Februari

Kabati limefika karakanani kwa mkokoteni, limefungwa kamba za katani na kufunikwa shuka kuukuu. Ni kabati la vyombo la kizamani: milango miwili chini, droo tatu juu yake, na ubao mmoja wa juu, yaani uso, wenye upana wa karibu sentimita 50. Mwenyewe ni khalati mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, rafiki wa mamangu. Alilirithi kwa babake, naye mzee alilipata mnadani enzi zile Wazungu wa Kizingo wakiuza vyombo vyao warudi kwao.

Magonjwa yake yanaonekana. Mguu mmoja wa nyuma umeoza na kuwa unga. Ubao wa uso umepasuka kutoka ukingo wa kulia hadi karibu na katikati. Sakafu ya droo moja imeliwa na fukusi, na kabati zima limepakwa vanishi nzito ya rangi ya kahawa iliyoungua.

"Hili ni mahogani tupu, mwanangu," khalati aliniambia kabla sijagusa hata kitasa. "Usinitilie mbao nyingine."

Sina neno, lakini nikiambiwa nisitie mbao nyingine, lazima kwanza nijue hii iliyopo ni ipi. Mombasa hapa mbao yoyote nyekundu inauzwa kwa jina la mahogani. Mkaratusi uliopakwa rangi ni mahogani. Mbambakofi ni mahogani. Vanishi zenyewe zinauzwa kwenye mikebe iliyoandikwa mahogani, na kazi yake ni kuifanya paini ya elfu mbili ijione bibi harusi. Kwa hiyo rangi nimeiweka pembeni mpaka mwisho wa kazi. Haitaniambia lolote sasa.

Jumapili

Nimevua kila kinachovulika: droo, milango, bawaba, mgongo. Fenicha husemea upande usioonekana na wageni. Sakafu za droo ni paini nyepesi ya manjano, bila kitundu hata kimoja cha kupitishia maji ya mti kichwani mwa ubao, pale nyuzi zinapoishia, na ndiyo fukusi wameila. Jambo la kawaida hilo: mafundi wa Uingereza walitumia mbao nzuri usoni na za bei nafuu ndani. Mbavu za droo zimeungwa mbele kwa meno yaliyopanuka nchani kama mkia wa njiwa, hayalingani upana, na alama za msumeno wa mkono bado zipo. Mgongo wa kabati nao ni paini.

Kwa hiyo "mahogani tupu" tayari siyo. Hilo sijamwambia khalati bado. Kilichobaki kupimwa ni uso, mbavu za kabati, milango na miguu.

Jumatatu usiku

Leo ndiyo kazi yenyewe ya kutambua, nami nimeifanya polepole.

Jirani yangu sonara ameniazima lenzi yake ya kukagulia vito, inayokuza mara kumi. Nimechukua wembe mpya, nikakata kichwani mwa ubao wa uso, upande wa nyuma ambako hakuna atakayeona, kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Siri iko kwenye huo wembe. Msumeno hupondaponda nyuzi, na msasa huziba vitundu kwa vumbi, lakini wembe mkali hukata safi ukaona mti ulivyo. Kisha unalowesha kwa tone la maji na kutazama kwenye mwanga wa ubavuni.

Kwenye ubao wa uso nimeona vitundu vinavyoonekana hata kwa jicho tupu, vimetawanyika sawasawa pasipo mpango. Baadhi vimejaa utomvu mwekundu mweusi. Na katikati yake kuna mistari myembamba, ya rangi hafifu, inayopita sambamba kutoka ukingo hadi ukingo. Hiyo mistari ndiyo mpaka wa msimu mmoja na mwingine wa kukua, na ndiyo saini ya mahogani ya Amerika, yaani jenasi ya Swietenia. Halafu nimegeuza ubao na kutazama bapa lake lililo wazi chini: kuna viwimbi vidogo sana vinavyokatiza nyuzi, vimekaribiana mno. Hivyo navyo huonekana mara nyingi kwenye Swietenia.

Mbavu za kabati, pamoja na milango na miguu, zimenipa jibu jingine. Vitundu ni vilevile, utomvu ni uleule, wekundu ni uleule. Lakini mistari ile ya mpaka haipo, na viwimbi havipo. Badala yake ubao una milia mipana inayobadilika ukiusogeza mbele ya taa: mlia unaong'aa unakuwa mweusi, mweusi unakuwa wa kung'aa. Ni kwa sababu nyuzi zimepindana, tabaka moja likielekea kulia na linalofuata kushoto. Huu ni mkangazi, mahogani ya Afrika, jenasi ya Khaya.

Ni ndugu wa karibu hao, wote wa ukoo wa Meliaceae, ukoo uleule wa mwarobaini uliojaa pwani yetu. Ndiyo maana ubao wa mwarobaini ukichanwa hutoa wekundu unaoweza kumdanganya mtu.

Wala mchanganyiko huu si wizi wa fundi. Uingereza ilianza kupenda mahogani baada ya sheria ya 1721 kuondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, na kwa miaka mingi mti ulitoka Jamaika na kisha Belize, ukikatwa na Waafrika waliotekwa utumwani. Miti ile mikubwa ilipoadimika, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 meli zikapakia Khaya kutoka Afrika Magharibi kwenda Liverpool. Kabati lenye uso wa Amerika na mbavu za Afrika ni la baada ya hapo. Fundi aliweka ubao wake bora mahali panapoonekana na kila anayeingia sebuleni.

Jumanne

Nimejipangia mezani vipande vya kulinganisha, maana jicho husahau. Mvule una mistari ya mawimbi yenye rangi hafifu, na rangi yake inavuta manjano kabla ya kuzeeka. Ndani yake mara nyingine huwa na mawe madogo ya chokaa yanayomaliza makali ya randa. Mbambakofi, ule wa milango ya Lamu, unaujua kwa uzito kabla ya lenzi. Ukitazama, kila kitundu kina weupe pembeni uliochongoka pande mbili, ukadhani ni macho yanakutazama. Msaji una mafuta mkononi na harufu ya ngozi. Sapele ndiye mjanja kuliko wote. Ni ukoo huohuo, una milia iliyonyooka zaidi ya mkangazi, na ukimkata anatoa harufu tamu kama ya mwerezi.

Paini iliyopakwa rangi haihitaji lenzi. Haina vitundu kabisa.

Uzito husaidia pia. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 5 cha mkangazi kavu kimenipa gramu 280. Cha mbambakofi cha ukubwa uleule kimepita gramu 400. Mahogani ya Amerika inakaa karibu na mkangazi, kwa hiyo mizani haiwezi kuwatenganisha hao wawili, lakini inamfukuza mbambakofi mlangoni.

Jumatano

Nimepima vanishi. Kitambaa cheupe chenye spiriti kwenye kona ya ndani: tabaka la juu halikushtuka. Tone la thina: tabaka hilo likajikunja na kutoka. Chini yake kukatokea tabaka jembamba la rangi ya asali, na hilo likalainika kwa spiriti papo hapo. Ni shelaki, utomvu wa wadudu kutoka Bara Hindi, ndiyo pambo la asili. Mtu wa baadaye amelipiga lakeri juu.

Nimeitoa lakeri kwa thina na sufi ya chuma laini kabisa, nikifanya nje uani, nimevaa barakoa. Sufi niliifagia vizuri baadaye. Chembe za chuma zikibaki kwenye vitundu vya mahogani na unyevu ukaja, zinafanya madoa meusi, maana mti una tanini, ile asili inayoleta ukakasi kwenye chai kali. Ushahidi ninao hapahapa: kuna misumari ya chuma minne iliyopigwa kutoka juu ya uso na mtu aliyewahi "kurekebisha," na kila msumari una duara jeusi.

Na hiyo misumari ndiyo iliyopasua ubao. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, na mbao iliyotulia ndani ya nyumba inabeba unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Ukija msimu wa kaskazi, inashuka. Masika ikifika, inapanda. Mahogani inasifiwa kwa kutulia, na ni kweli inacheza kidogo kuliko mbao nyingi, lakini ubao wa sentimita 50 ukibadilika unyevu kwa asilimia 4 bado unatanuka au kusinyaa milimita 3 hadi 5. Ukiufunga kwa misumari pande zote mbili hauna pa kwenda.

Katikati ya Februari: kutafuta mbao

Nimezunguka yadi za Changamwe. Muuzaji wa kwanza alinionyesha rundo na kuniambia ni mahogani ya Kongo. Nikaomba ruhusa nikate kwa wembe. Ilikuwa sapele, na ubao mzuri tu, umenyooka, umekauka. Kwa meza mpya ningeuchukua bila kusita. Kwa kabati hili milia yake ingepiga kelele karibu na ile ya mkangazi.

Yadi ya pili kijana alinipa ubao mwekundu mno. Niliuloweka kwa mate kidoleni na kusugua, kidole kikatoka chekundu. Nikamrudishia.

Kuna jambo la sheria pia ambalo mafundi wengi hawaliulizi. Mwezi Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama, Khaya na Afzelia (jenasi ya mbambakofi) za Afrika ziliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Swietenia ya majani makubwa ilishaamuliwa hivyo tangu 2002. Humu nchini nako mbao hazisafirishwi bila kibali cha Huduma ya Misitu. Muuzaji akigeuza maneno ukimwuliza karatasi, mwache na ubao wake.

Mwishowe sikununua mbao mpya. Kule Majengo kuna mzee anayeuza vitanda na milango ya nyumba zilizobomolewa. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotafuta.

"Ami, una mkangazi mkavu?"

"Mkangazi ninao, ila umevaa rangi ya kijani," akanijibu, akanivutia kichwa cha kitanda kutoka chini ya mabati.

Chini ya rangi ya kijani kulikuwa na mkangazi safi, unene wa sentimita 4, mbao ya miaka mingi iliyokwisha kucheza michezo yake yote. Kwa ukarabati, mbao iliyozeeka ndani ya nyumba za mji huuhuu ni bora kuliko ubao wowote wa yadi. Kwa ajili ya uso, nimepata ufito wa Swietenia kutoka kwenye kabati bovu alilokuwa akilipasua kuni. Kuni! Nililipa haraka kabla hajafikiri tena.

Wiki iliyofuata: mguu

Mguu uliooza ulikufa kwa sababu ya kudeki. Nyumba zetu zinadekiwa maji kila asubuhi, na kichwa cha chini cha mguu hunywa maji hayo kama mrija. Nimeukata pale penye mti mzima, nikauchonga mshazari wa sentimita 15 kwa unene wa 4, na kipande kipya vivyo hivyo. Mshazari mrefu unaipa gundi uso wa kutosha wa nyuzi kwa nyuzi. Gundi ya asili ya kabati ni ya ngozi, inayolainika kwa maji ya moto, na sehemu nyingine nimeirudishia hiyohiyo. Mguuni nimetumia gundi ya kisasa isiyoogopa maji, na chini kabisa nimepaka epoksi kichwani mwa kila mguu, yote minne.

Kupiga randa mkangazi ni mtihani wa subira. Kwa sababu nyuzi zimepindana, ukienda huku mlia mmoja unalala na wa jirani unanyanyuka ukang'oka vipande. Ukigeuza, hali inageuka nayo. Dawa yake ni kunoa mpaka jani la randa linyoe malaika ya mkono, kutoa ulimi kidogo mno kiasi kwamba maranda yanatoka mepesi ya kupenya mwanga, kusukuma kwa mshazari, na kusimama kabla hujafika kipimo. Kilichobaki kinamalizwa kwa kukwangua. Kikwangulio changu ni kipande cha msumeno wa zamani, saizi ya kadi ya benki, nimekinoa kingo na kuzikunja kidogo kwa chuma kigumu. Kinatoa maranda, si vumbi. Msasa ukiuanza mapema kwenye mbao hii unafunika makosa, kisha yanatokea yote siku ya kupaka.

Vumbi la mkangazi linawasha pua na koo. Barakoa haikutoka usoni.

Mwisho wa Februari: uso

Misumari imetoka. Madoa meusi nimeyapaka asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu, glavu mikononi, nikasuuza mara kadhaa. Matatu yamefutika. La nne limebaki kivuli, nami sitaliua zaidi ya hapo, maana kuendelea ni kuchubua rangi ya ubao wenyewe.

Ufa nimeufungua kwa msumeno mwembamba, nikaupasisha kibanzi cha ule ufito wa Swietenia. Hapa ndipo lenzi ilipolipa. Nimelinganisha mwelekeo wa nyuzi na upana wa mistari kwanza, nikakigeuza kibanzi hadi mng'ao wake ukawa unazima na kuwaka pamoja na ubao. Rangi haikulingana hata kidogo. Kibanzi kilikuwa cha waridi na ubao ulikuwa mwekundu wa miaka mingi. Hilo linatibika. Nyuzi zikienda kinyume hakuna rangi itakayozificha.

Uso sasa unashikwa kwa skrubu za shaba kupitia matundu marefu, zilizokazwa kiasi, ili ubao uweze kuteleza.

Mwanzo wa Machi: rangi, hatimaye

Chokaa. Ile ya kawaida ya kupaka kuta, niliyoiroweka na kuacha itulie, kisha nikachota uji mwembamba. Tanini iliyo ndani ya mahogani hukutana na chokaa ikageuka nyekundu ya kahawia, ndani ya mti wenyewe, bila kufunika vitundu wala mng'ao. Nimejaribu kwanza kwenye vipande vya taka: kimoja dakika chache, kingine robo saa, kingine mpaka kikauke. Ukikauka unaona unga mweupe unadhani umeharibu kazi. Unaupangusa kwa kitambaa kibichi chenye siki kidogo, unaacha ukauke, unapaka tone la mafuta, na chini yake rangi imezeeka mbele ya macho yako.

Kibanzi cha uso kilihitaji robo saa. Mguu wa mkangazi ulikuwa mkaidi, ukakubali kwa mara ya pili tu, na bado nikauweka juani darini siku kadhaa, maana mahogani hukolea kwa jua.

Baada ya hapo ni shelaki. Pamba ndani ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa sana, tone la mafuta chini, mizunguko midogo isiyosimama. Ukisimama, kitambaa kinang'ata. Nimepaka kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri pekee, wakati hewa ni kavu. Shelaki ikipakwa jioni yenye unyevu wa pwani inaingiwa na ukungu mweupe. Ndiyo sababu nilitaka kumaliza kabla ya masika.

Khalati alikuja kuangalia. Akapitisha mkono juu ya uso, akatafuta ufa, hakuupata. Ndipo nikamwambia kwamba mgongo na sakafu za droo ni paini, kwamba mbavu ni mkangazi, na kwamba uso pekee ndio uliovuka bahari kutoka Amerika. Nikamwonyesha mistari kwa lenzi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Basi babangu alinunua nusu mahogani?"

"Zote mbili mahogani, khalati. Paini ndiyo ndugu wa kambo."

Hakucheka sana, ila hakudai nitoe paini.

Jumamosi iliyopita

Limerudi Kibokoni. Kwenye kona ya kichochoro ilibidi tulisimamishe wima. Nimeliweka mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne ili mgongo upumue, na mbali na dirisha, maana jua la mfululizo huifubaza hiyohiyo rangi lililoikoleza.

Kazi mbili zimebaki. Kitasa cha droo ya kati hakina ufunguo, nami natafuta fundi wa kufuli atakayechonga bila kung'oa shaba ya zamani. Na chini ya uso, pembeni mwa skrubu moja, nimechora mstari wa penseli. Nitarudi katikati ya masika na rula nione umesogea kiasi gani.